VUMBI LA BREKI SI VUMBI TU



Sisi wa reli twalijua vumbi la breki, kwani kila behewa lina breki zake. Tulipokwenda likizo kwetu Awendo, tuliona vijana wa gereji wakisafisha magurudumu ya malori ya miwa kwa petroli, na breki wakizipuliza kwa kompresa, bila kinga yoyote.

Breki nyingi za kale zilitiwa asbestosi. Vumbi lake likiingia mapafuni halitoki, na saratani huweza kuja baada ya miaka 20 au zaidi. Petroli hushika moto upesi. Tena ziko dawa za kung'arisha rimu zenye asidi ya hidrofloriki, ambayo hupenya ngozi hata mfupani. Chupa isiyoandikwa kilichomo, tusiiguse.

Kwa magurudumu, maji na sabuni vyatosha. Breki ziloweshwe kwanza, kisha zipanguswe, zisipulizwe.

Tajiri atasema glavu ni ghali. Lakini Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamwamuru atoe vifaa vya kujikinga, na penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama. Je, kwenu ipo? Iulizeni, nanyi muulize kwa sauti moja.