Mwalimu wetu akivuka mpaka



Juma hili tunaongea juu ya watoto wetu walimu wanaofundisha ngambo. Wengine vita vimewasukuma, wengine wamechoka kungoja mshahara. Tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, wenye diploma wanatazama Bujumbura, Kigoma na mbele zaidi. Hatuwalaumu. Lakini kuna wanaorudi kabla mwaka wa shule haujaisha, na majirani husema, "Kazi imemshinda."

Mara nyingi si kazi. Hesabu ni ile ile pande zote mbili za Ruzizi. Kinachomshinda ni desturi ya shule ya wengine.

Tuchukue Tanzania. Mwaka wa shule unaanza Januari, si Septemba. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, wala si kile cha sokoni kwetu. Mtoto anasema "Shikamoo" na kungoja "Marahaba". Mwalimu asiyeitikia anaonekana mwenye kiburi. Hata pointi zinageuka. Sisi tumezoea asilimia, aliye juu ndiye ameshinda. Kule, kwenye mtihani wa kidato cha nne, mwenye pointi 7 anawapita wote.

Burundi ni karibu, ngambo tu ya Kavimvira. Madarasa ya chini yanafundishwa kwa Kirundi, na shule ya msingi ina miaka 9, kwetu miaka 8. Mwenye Kifuliiru anasikia maneno mengi ya Kirundi, na hapo ndipo anapojidanganya: anadhani anajua, hivyo haulizi.

Wahenga walisema, ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Hatutaki mtoto wetu avunje jicho. Alifumbe kidogo miezi ya kwanza: asikilize kuliko kusema, atafute mwalimu mzee wa pale amwonyeshe njia, asirudie kila mkutano "kwetu Kongo tunafanya hivi." Anayeuliza mapema hudumu kuliko anayejua sana.

Nasi mama tuna sehemu yetu. Kabla hajaondoka, tumwulize: mkataba umeandikwa? Umeusoma, au umesomewa? Karatasi za kukaa na za kazi nani analipa? Mama asione haya kuuliza. Haya hiyo inaweza kumlaza mtoto njiani.

Akiisha kufika, tusimpigie simu ya pesa mwezi wa kwanza. Analipa nyumba, anatafuta sufuria, bado hajajua siku ya mshahara. Tukimsukuma sana, ataacha darasa akimbilie kazi yoyote ya haraka, na nafasi ya ualimu itakuwa imepotea. Bibi yake aliyebaki na watoto, tumtembelee na unga, si na maneno.

Na akirudi? Tumpokee, tumkalishe, tumwulize kilichomsumbua. Anayoyajua yatamsaidia yule atakayeondoka kesho.

Tukumbuke pia mwalimu mgeni aliye hapa Lemera, aliyetoka mbali, asiyesikia Kifuliiru. Naye ana mama yake anayeuliza kama amekula. Kila kikundi kijue jina lake na mlango wake kabla ya mkutano ujao.