Kupe na Viroboto: Kinga Ipi Imfaayo Mbwa Wako?

Ndugu msomaji, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mbwa hana nguo, lakini usemi huo wamhusu sana, maana adui zake wawili wakubwa, yaani kupe na kiroboto, humnyonya damu mchana na usiku huku wamejificha katika manyoya yake mwenyewe.

Mbwa wetu wengi hapa mijini hawafugwi kwa ajili ya mapambo. Ni walinzi. Baba akiwa zamu ya usiku kiwandani, au mama akiwa safarini, mbwa ndiye abakiye mlangoni. Yafaa basi askari huyu asiyepokea mshahara apewe kinga iliyo ya kweli. Walakini, katika nyumba nyingi kinga hiyo hutafutwa kwa njia ya hatari. Mtu huenda dukani, akapimiwa dawa ya kuogeshea ng'ombe ndani ya chupa tupu ya soda, akarudi nayo nyumbani bila kibandiko wala maelezo. Leo tuzungumze juu ya chupa hiyo, na juu ya njia zilizo bora kuliko hiyo.

Kwanza tuwafahamu adui wenyewe. Kiroboto mkubwa hukaa juu ya mbwa na kutaga mayai huko huko, lakini mayai hayo hayanati. Huanguka chini popote mbwa alalapo: kwenye gunia, mkekani, au katika mchanga wa uani. Yai huwa funza mdogo, na funza hujisokotea kifukofuko. Humo kiroboto mchanga aweza kungoja kwa miezi mingi mpaka asikie mtikisiko au joto la kiumbe kinachopita. Ndiyo sababu watu warudio likizo huikuta nyumba iliyokuwa imefungwa imejaa viroboto wenye njaa. Kwa hiyo viroboto uwaonao juu ya mbwa ni sehemu ndogo tu ya jeshi zima. Walio wengi wako chini, katika hali ya mayai, funza na vifukofuko.

Kupe naye ana hila zake. Yuko kupe wa rangi ya hudhurungi apendaye mbwa kuliko wanyama wengine wote, naye aweza kuishi maisha yake yote ndani ya nyumba na banda bila kuhitaji majani ya porini. Hunyonya, hudondoka, hupanda ukutani na kujificha katika nyufa ili ajivue gamba, kisha hurudi kwa mbwa. Jike aliyeshiba huvimba kama punje ya mbono, hudondoka na kutaga mayai kwa maelfu, kisha hufa.

Madhara yao si kuwasha tu. Kupe humwambukiza mbwa vijidudu viharibuvyo damu. Mbwa hushikwa na homa, huacha kula, ufizi wake hupauka, pengine hutokwa na damu puani au mkojo wake hugeuka kuwa mwekundu mweusi. Akifikia hapo, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, maana kuwaua kupe pekee hakutamponya. Kiroboto naye hubeba tegu. Mbwa ajikunaye kwa meno humeza kiroboto na kuupata mnyoo huo, na mtoto mchanga atambaaye sakafuni aweza kuupata kwa njia iyo hiyo. Wanadamu nao huweza kupata homa kutokana na kuumwa na kupe. Hivyo shauri hili ni la afya ya nyumba nzima.

Sasa turudi kwenye ile chupa ya soda. Dawa za josho zimetengenezwa kwa ajili ya ng'ombe, ili kuwakinga na kupe waenezao ndigana kali na maradhi mengine. Huuzwa zikiwa kali sana, na hutakiwa kuchanganywa na maji mengi kwa vipimo maalumu. Katika chupa isiyo na kibandiko, mnunuzi hajui ni dawa ya namna gani, ina ukali gani, wala ilikwisha muda lini. Akikisia kipimo, mbwa mdogo aweza kulegea, kutapika, kutokwa na udenda na kufa. Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Dawa nyingi za namna hii zikitiwa maji hugeuka nyeupe kama maziwa. Chupa ya soda yenye kitu cheupe kama maziwa, ikiwekwa chini ya meza ya jikoni, humwita mtoto mwenyewe. Rahisi ya namna hiyo ni ghali mno.

Wako pia wampakao mbwa mafuta ya taa, oili chafu ya gari, au dawa ya kunyunyizia mazao shambani. Hivi vyote ni sumu. Huunguza ngozi, na mbwa huvimeza ajirambapo. Viacheni kabisa.

Je, uchague nini? Zipo njia nne zitumikazo sana.

Ya kwanza ni sabuni na dawa za kuogesha zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa. Bei yake ni nafuu, nazo huua wadudu waliopo siku hiyo, lakini nyingi hazidumu. Zafaa kuwa mwanzo wa kazi, si mwisho wake.

Ya pili ni dawa ya matone, itiwayo juu ya ngozi nyuma ya shingo, mahali ambapo mbwa hawezi kujiramba. Aghalabu hufanya kazi kwa muda wa mwezi mmoja. Usimwogeshe mbwa siku mbili kabla na siku mbili baada ya kuitia. Angalieni sana enyi wenye paka: baadhi ya dawa hizi zina permethrini, ambayo mbwa huivumilia lakini humwua paka. Dawa ya mbwa isitiwe kwa paka hata tone moja.

Ya tatu ni mkanda wa shingoni wenye dawa. Ulio mzuri huweza kudumu hata miezi saba au minane, kwa hiyo gharama yake kwa mwezi huwa ndogo. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na shingo. Watoto wasiuchezee wala kuutia mdomoni.

Ya nne ni vidonge vya kutafuna. Vingine hudumu mwezi mmoja, vingine wiki 12. Faida yake ni kwamba hakuna dawa inayobaki juu ya manyoya ya kushikwa na watoto, wala mvua na maji ya kuogea haviiondoi. Bei yake ni ya juu kwa kidonge kimoja, lakini igawanye kwa majuma ulinganishe. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kwamba vidonge vya jamii hii huweza kuwaletea baadhi ya mbwa mitetemeko na degedege. Kwa hiyo kama mbwa wako amewahi kuanguka kifafa, mwambie daktari kwanza.

Kabla ya kununua, jiulize maswali haya. Mbwa ana umri gani, maana dawa nyingi hazifai kwa vitoto vichanga? Ana mimba au ananyonyesha? Ana uzito gani? Swali hili la mwisho hupuuzwa na wengi, ingawa mizani si taabu: panda juu yake umembeba mbwa, kisha panda peke yako, toa hesabu. Je, nyumbani mna paka au watoto wadogo? Ukiisha kupata majibu, mwone bwana mifugo au daktari wa mifugo, na ununue dawa iliyo katika kasha lake, yenye maelezo na tarehe ya mwisho.

Ukimwona kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi na umvute taratibu, moja kwa moja. Usimchome kwa kiberiti, wala usimpasue kwa kucha. Kisha nawa mikono kwa sabuni.

Dawa pekee haitoshi, kwa sababu jeshi kubwa liko chini. Fagia banda na kona zake, fua matandiko ya mbwa kwa maji ya moto na kuyaanika juani, ziba nyufa za kuta, na fyeka majani uani. Endelea na kinga kwa miezi kadhaa hata kama wadudu wameonekana kwisha. Mbwa wote wa uani watibiwe siku moja. Katika nyumba za kupanga, mbwa aweza kuwa wa mwenye nyumba, lakini kupe ni wa wote. Wapangaji na mwenye nyumba wakae pamoja, wachange, waifanye kazi hiyo kwa umoja.

Na iwapo ajali imekwisha kutokea, fanya hivi. Mbwa aliyepakwa dawa kali aoshwe kwa maji mengi na sabuni, apelekwe kwa daktari pamoja na chombo cha dawa. Mtoto aliyekunywa akimbizwe hospitali papo hapo, naye asilazimishwe kutapika. Chukueni chupa na kibandiko chake, maana daktari atauliza ni dawa gani. Hapo ndipo ile chupa ya soda isiyo na jina huwa bubu.

Basi leo Jumapili, ndugu msomaji, kabla ya chakula cha mchana, tazama chini ya meza ya jikoni na nyuma ya mlango wa stoo. Ukiikuta chupa ya namna hiyo, iondoe mahali watoto wafikapo, uiandike kuwa ni sumu, na kesho umpelekee bwana mifugo akushauri namna ya kuitupa. Usiimwage mferejini wala kisimani.