Nani Asimame Nyuma ya Imamu?

Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba 2024 magharibi ilinikuta Ras Kitau, ncha ile ya kisiwa cha Manda inayotazamana na Shela. Tulisali mchangani, mabaharia na wavuvi wapatao kumi, mzee mmoja wa Kibajuni akitusalisha. Katika rakaa ya pili udhu ukamtoka. Hakusema neno. Alimshika mkono kijana aliyekuwa nyuma yake, akamtanguliza, naye kijana akaendelea palepale kisomo kilipokatikia.

Baada ya sala redio ilifunguliwa. Kule Nairobi, Seneti ilikuwa ikiamua kama Rigathi Gachagua, Naibu wa Rais, aondolewe. Baharia mmoja akauliza, "Huyu naibu kazi yake hasa ni nini, babu?" Wenzake wakacheka. Mzee hakucheka. "Ni kama ya huyu niliyemvuta mkono," alisema. "Ndiyo maana nyuma yangu simweki asiyejua Fatiha."

Sisi Waislamu jambo hili si geni. Sayyidna Umar alipochomwa jambia katika sala ya alfajiri, alimshika mkono Abdulrahman bin Auf akamtanguliza, na sala ikatimizwa. Lakini serikali zetu zimekiwekaje kiti hiki cha pili?

Waliokibuni ni Wamarekani. Kwao, mwanzoni, aliyeshindwa kwa kura chache ndiye aliyekuwa makamu. Kwa hiyo mwaka 1797 John Adams alijikuta chombo kimoja na mshindani wake, Thomas Jefferson, hata wakabadilisha sheria mwaka 1804. Tangu hapo cheo kikapungua uzito. George Clinton alifia katika kiti mwaka 1812, na Elbridge Gerry mwaka 1814. Mara zote mbili kiti kikaachwa kitupu hadi uchaguzi mwingine. Ilikuwa ni miaka ileile ya Vita vya Shela, ng'ambo ya pale tuliposali. Mwaka 1841 Rais Harrison alifariki baada ya mwezi mmoja tu, na makamu wake John Tyler akalazimika kushindana na wakubwa wenziwe waliodai kuwa yeye ni kaimu tu. Barua zilizomwita kaimu alizirudisha bila kuzifungua.

Kenya ilipata cheo hicho ilipokuwa jamhuri, tarehe 12 Disemba 1964. Jaramogi Oginga Odinga, makamu wa kwanza, hakuwa mtu wa kusimama kimya. Machi 1966, katika mkutano wa KANU huko Limuru, umakamu wa chama ulikatwa vipande vinane ili asibaki na chochote. Mwezi uliofuata alijiuzulu serikalini.

Akaja Joseph Murumbi, na huyu ndiye anayenigusa zaidi. Baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai. Alisoma India, akafanya kazi Somalia, akaishi London miaka ya kupigania uhuru. Alikuwa mtu wa vitabu na mwenye uzoefu wa nchi za nje. Mwaka 1966 haujaisha akakiacha kiti. Baadaye, pamoja na Alan Donovan, alianzisha duka la sanaa za Kiafrika Nairobi, naye akaendelea kukusanya vitabu, nguo, mapambo na vinyago. Leo sehemu ya mkusanyo wake imo katika jengo la Nyaraka za Taifa, na kila mwenye kupita Moi Avenue aweza kuingia akatazame. Sijui makamu mwingine aliyetuachia kitu cha kushikika namna hiyo. Nchi ilimpata mjuzi, ikashindwa kumweka.

Daniel arap Moi alikaa tangu 1967, kimya na kwa subira. Mwaka 1976 wakubwa walianza kampeni ya kubadilisha katiba ili makamu asishike nchi rais akifa, na Mwanasheria Mkuu Charles Njonjo akawaonya kwamba kuwaza kifo cha rais ni hatia kubwa. Waliomdharau Moi walikuwa wengi. Tarehe 22 Agosti 1978 Mzee Kenyatta alifariki Ikulu ya Mombasa, papa hapa pwani, na aliyevutwa mkono akatawala miaka 24.

Tazama basi: mwenye nguvu alikatwa, mjuzi akaondoka, aliyedhaniwa mnyonge ndiye aliyerithi. Katiba ya 2010 imemfanya naibu achaguliwe pamoja na rais, na hilo ni jema. Lakini anayemteua bado ni mmoja, naye hutazama kura za kabila gani zitaletwa kabla ya kutazama kisomo.

Usiku ule Seneti ilimwondoa Gachagua. Tarehe 1 Novemba Kithure Kindiki akaapishwa. Mimi mwaka 2027 nikifika kituoni nitakuwa nimeuliza habari za jina la pili kabla ya la kwanza.