"Faili halionekani." Kwani lina miguu?

Makamanda, isikilizeni vizuri hiyo sentensi. "Faili halionekani." Haina mtenda. Hakuna aliyelipoteza, hakuna aliyelichoma, hakuna aliyelipeleka nyumbani likafungia maandazi. Faili limeamka asubuhi, likatoka lenyewe masjala, likatokomea. Na wewe uliyepanda basi alfajiri kutoka kijijini unaambiwa rudi wiki ijayo.

Najua vijana wengi mkisikia "utunzaji wa kumbukumbu za elimu" mnaanza kupiga miayo. Ingekuwa tozo au Katiba Mpya mngeshasambaza kabla ya kumaliza kusoma. Lakini mimi nasema hivi: halmashauri ambayo haitunzi karatasi zake haina bahati mbaya. Ina mfumo unaoifaa. Anayefaidika na faili kupotea siyo mwananchi, hata siku moja.

Tuanze na hela. Tangu Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015, elimu inaitwa bila malipo, na Serikali inatoa ruzuku ya uendeshaji: shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 25,000 kwa wa sekondari. Kwenye ile 10,000, utaratibu ni kwamba 6,000 inakwenda shuleni na 4,000 inabaki juu kwa ajili ya vitabu. Sasa chukua shule ya msingi yenye watoto 600. Inatakiwa kuona shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi, za chaki, karatasi za mitihani, ukarabati mdogo, kila kitu. Ni hela ndogo mno, na huo ni mjadala mwingine. Lakini hata hiyo ndogo, mzazi ataijuaje kama imefika na imekwenda wapi? Kwa hati za malipo, stakabadhi, daftari la fedha, muhtasari wa kikao cha kamati ya shule. Ukitoa hivyo vitu, unabaki na neno la mwalimu mkuu dhidi ya neno la mzazi, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli huku mwizi amekaa ofisi nyingine kabisa.

Na hili siyo uzushi wa wapinzani. Fungua ripoti za CAG za Serikali za Mitaa, ya mwaka wowote utakaoupata. Utakutana na hati za malipo ambazo hazikuwasilishwa kwa mkaguzi, na malipo yasiyo na viambatisho. Kila mwaka. Wabunge wanapiga kelele siku mbili, ripoti inaingia kabatini, mwaka unaofuata tunasoma aya ileile imebadilishwa jina la halmashauri. Mkaguzi anaandika "sikuonyeshwa nyaraka", sisi tunasoma kama vile ni suala la usafi wa ofisi. Hapana! Nyaraka isiyoonyeshwa ni hela isiyo na maelezo.

Halafu kuna walimu. Hapa ndo huwa nashindwa kuongea kwa upole.

Shangazi yangu alifundisha shule ya msingi miaka 34. Alipostaafu akaambiwa alete barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na barua za kupandishwa madaraja. Angalieni vizuri: barua zote hizo aliziandika mwajiri. Nakala ilipaswa kuwa kwenye faili lake halmashauri (siitaji hapa, maana bado anawahitaji). Faili halionekani. Bahati yake alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda na alikuwa ameweka karibu kila kitu, isipokuwa barua moja ya daraja iliyoharibiwa na mvua. Moja tu. Na mafao yanapigwa kwa mshahara, na mshahara unategemea daraja. Alizungushwa miezi 14. Serikali yenye masjala, watumishi wa masjala na bajeti ya masjala ilishindwa kutunza karatasi ambayo mama mmoja aliitunza kwenye sanduku la bati.

Wapo watakaosema ni historia. Kweli, historia ipo. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 zikarudishwa 1984, na karatasi zikahama mara mbili. Mikoa inagawanywa, Geita mwaka 2012, Songwe 2016, wilaya zinazaliwa, na mwalimu aliyeajiriwa na halmashauri mama anajikuta yuko halmashauri mpya bila faili lake. Mwaka 2016 Tume ya Utumishi wa Walimu ikaanza kazi, mafaili yakaguswa tena. Sawa. Lakini ni nani aliyegawa hiyo mikoa? Ni nani alikuwa madarakani miaka yote hiyo? Magari ya wakuu wa mikoa wapya yalifika kwa wakati. Samani zilifika. Mafaili ya walimu ndiyo yaliyopotelea njiani.

Na msidanganyike kwamba hawawezi. Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti na watumishi 9,932 wakaambiwa vyeti vyao ni vya kughushi. Uhakiki ule uliwezekana kwa sababu Baraza la Mitihani lilikuwa na kumbukumbu zake, hata za miaka mingi nyuma. Sitetei vyeti feki. Ninachosema ni kwamba karatasi ya kumfukuza mtumishi ilipatikana, iwe ya mwaka gani. Karatasi ya kumlipa mstaafu imeliwa na mchwa. Huyu mchwa wa Tanzania ana akili sana, anajua faili la kula.

Sheria zipo. Ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ni Na. 3 ya 2002, ina zaidi ya miaka 20 sasa. Inamtaka mkuu wa ofisi ya umma ahakikishe kumbukumbu zinatengenezwa na kutunzwa ipasavyo, na hairuhusu ofisi kuzichoma au kuzitupa kwa utashi wake. Kuna utaratibu na kibali cha Idara ya Kumbukumbu. Ya Haki ya Kupata Taarifa ni Na. 6 ya 2016: unaomba kwa maandishi, wana siku 30 za kukujibu, na kuharibu au kuficha kumbukumbu kwa makusudi ili isitolewe ni kosa. Mnakumbuka ni watu wangapi wamefikishwa mahakamani kwa kosa hilo kwa sababu ya faili la shule? Mimi sikumbuki hata mmoja.

Kuna jambo linanikera kama mwanafunzi wa sheria. Sheria ya Ushahidi inasema anayedai ndiye athibitishe. Kanuni nzuri ile, inamlinda mnyonge asisingiziwe. Lakini ukiipeleka kwenye dirisha la halmashauri bila akili, inageuka: mstaafu athibitishe kwa karatasi ambayo ofisi inayomdai ndiyo iliyoipoteza! Msimamo wangu ni kwamba ofisi iliyopewa kazi ya kutunza ikishindwa kutoa faili, madai ya mwalimu yachukuliwe kuwa kweli mpaka ofisi iyapinge kwa ushahidi wake. Hasara ibaki kwa aliyepoteza. Chama chetu kiliandike hilo kwenye ilani, kwa maneno yanayoeleweka, siyo "tutaboresha mifumo".

Maana mifumo tunayo. FFARS ya hesabu za vituo ilizinduliwa 2017, kuna PReM ya wanafunzi wa msingi. Nzuri tu. Ila mfumo unaonyesha kilichoingizwa, na anayeingiza bado anatakiwa kuwa na stakabadhi mkononi. Kama stakabadhi haipo, kompyuta inatunza uongo kwa usafi zaidi kuliko daftari.

Sasa kazi. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu. Kwenye unaofuata, usiende kupiga makofi. Simama, waulize kamati ya shule muhtasari wa kikao cha mwisho na hati za malipo za robo mwaka. Wakisema zipo halmashauri, andika barua ya maombi chini ya Sheria Na. 6 ya 2016, taja shule, taja miezi, ipeleke nakala mbili. Ile ya kwako wagonge muhuri wa "imepokelewa" wenye tarehe. Wakikataa kugonga, piga picha ya barua ikiwa juu ya meza yao, andika jina la cheo cha aliyekataa na saa. Siku 30 zinaanza hapo, na hiyo nakala usiiache kwenye ofisi yoyote.