Kilo si Maneno

Napinga desturi moja iliyoota mizizi katika ofisi zetu: kuingiza namba kwenye kompyuta kama maneno, kwa kisingizio kwamba programu itazichambua baadaye.

Tuchukue mfano wa pamba, kwa kuwa hapa Bariadi pamba ndiyo ada ya shule na ndiyo bati la nyumba. Mkulima anafikisha mzigo kwenye chama cha msingi, karani anasoma mizani na kuandika. Mmoja ataandika "kilo 1,250", mwingine "1,250kg", wa tatu "1250.5". Jicho la binadamu linazielewa zote. Kompyuta, ikiwa safu ile imepangwa kuwa ya maneno, haioni kilo hata moja. Inaona herufi tu.

Sasa aje fundi kutafuta jumla. Akiiachia MySQL ijumlishe yenyewe, "1,250kg" itahesabiwa kuwa 1, maana usomaji hukoma penye mkato. Nayo "kilo 1,250" itakuwa sifuri. Akiamuru kila kisicho tarakimu kifutwe, "1250.5" itageuka 12505, mzigo umeongezeka mara kumi. Akizipanga kuanzia ndogo, 900 itakuja baada ya 1,250, kwa sababu katika mpango wa herufi 9 hufuata nyuma ya 1. PostgreSQL walau hugoma waziwazi ikiambiwa igeuze "1,250" kuwa namba, nami naisifu kwa ukaidi huo. Heri kosa linalopiga kelele.

Wapo watakaoniambia kwamba fundi hodari huandika kanuni za kuchambua kila mtindo. Sikatai, na kwa kumbukumbu za zamani hatuna njia nyingine. Lakini kanuni hizo hukisia. "1.250" ni kilo moja na robo, au ni elfu moja mia mbili hamsini? Aliyejua ni karani, siku ile, mbele ya mizani.

Basi safu ya uzito iwe ya namba tupu, kipimo kipewe safu yake, na mkato na neno "kilo" viongezwe wakati wa kuchapa risiti. Karani akikosea, kompyuta ikatae palepale, mkulima angali amesimama na mzigo wake. Yeye hulipwa kwa kilo. Anayemhifadhia herufi anachezea jasho lake.