WCW na ugonjwa wa "tunaanza sifuri"

Najua nimekuwa kimya. UE zimeisha juzi, usingizi nao nilikuwa naudai, na bumu mnajua wenyewe linavyochelewaga. Haya, tumerudi.

Leo naongelea mieleka. Wale mnaosema mieleka ni mambo ya watoto vumilieni kidogo, kwa sababu ninachotaka kusema kinatuhusu sote tuliotoka Mbinga na Nyasa. Hoja yangu ni hii: kitu kikidorora, njia ya haraka ya kukimalizia ni kukifuta chote na kutangaza kwa mbwembwe kwamba mnaanza sifuri. Ushahidi wangu ni kampuni ya WCW ya Marekani na kile walichokifanya Aprili 2000.

Kwa wasiojua. WCW, yaani World Championship Wrestling, ilikuwa na makao Atlanta. Ted Turner, yule tajiri aliyeanzisha CNN, aliinunua mwaka 1988. Septemba 1995 wakaanzisha kipindi cha Nitro, kila Jumatatu usiku, wakigongana uso kwa uso na Raw ya WWF ya Vince McMahon. Watu wakaona jamaa wamechanganyikiwa. Kumbe wapi! Kuanzia katikati ya 1996 Nitro iliipiga Raw kwa watazamaji wiki zaidi ya 80 mfululizo.

Siri yake? Kisa kilichoeleweka hata kwa mtu asiyejua neno moja la Kiingereza. Julai 1996 Hulk Hogan, steringi wa miaka yote, aligeuka adui mbele ya kadamnasi na kuungana na Kevin Nash na Scott Hall kwenye kundi la nWo. Pale kwetu Mbinga mjini, kwenye kibanda cha video nilichokuwa natoroshea hela ya daftari nikiwa shule ya msingi, mikanda hiyo ilikuwa ya zamani tayari, lakini watu walizomea utafikiri imetokea asubuhi ile. Halafu akaja Goldberg. Maneno machache, shingo nene, anashinda tu. Tarehe 6 Julai 1998 akamwangusha Hogan Atlanta, ndani ya uwanja wa Georgia Dome, mbele ya watu kama 40,000. Hiyo ndiyo WCW iliyokuwa inatikisa.

Kuporomoka kulianza wenyewe wakiwa bado wanahesabu hela. Tarehe 4 Januari 1999, Georgia Dome hiyohiyo, Nash akiwa bingwa anapambana na Hogan. Hogan akamgusa kifuani kwa kidole kimoja. Kimoja! Nash akaanguka chali kama gunia la kahawa lililokatika kamba, Hogan akawa bingwa. Usiku huohuo mtangazaji wa Nitro alikuwa amewaambia watazamaji kwa kejeli kwamba kule Raw, Mick Foley atashinda ubingwa. Watu wakabadilisha chaneli kwenda kumwona Foley. Ukimcheka jirani kwa sauti kubwa, unawaonyesha watu nyumba yake ilipo.

Basi mwaka 1999 ukaenda hivyo. Septemba bosi Eric Bischoff akawekwa pembeni. Oktoba akaletwa Vince Russo, mwandishi wa visa kutoka WWF, ili afanye muujiza. Muujiza haukuja. Januari 2000 Eddie Guerrero na wenzake watatu wakahamia kwa McMahon. Hapo ndipo wakubwa wakaja na dawa kubwa: Bischoff arudishwe, akae meza moja na Russo, na kampuni izinduliwe upya.

Uzinduzi wenyewe ulikuwa Jumatatu ya tarehe 10 Aprili 2000. Bischoff na Russo wakaingia ulingoni, wakawaita mabingwa wote na kutangaza mikanda yote iko wazi kuanzia dakika ile. Kila aliyepigania ubingwa kwa miezi, jasho lake limefutwa. Halafu wakagawa watu makundi mawili: vijana wakaitwa New Blood, yaani damu mpya, na wazee kama Hogan, Ric Flair, Sting na Nash wakaitwa klabu ya mamilionea.

Sasa niwe mkweli, wazo la kuwapa vijana nafasi lilikuwa sahihi kabisa. Wazee walikuwa wameng'ang'ania kilele kwa miaka, vijana wana vipaji na hawapandi. Kilio cha haki. Lakini angalieni walivyokiandika. Vijana wakafanywa maadui, wanavamia watu kwa nyuma kumi kwa mmoja, mabosi wakiwa upande wao. Wazee wakafanywa wanyonge wanaoonewa. Mtazamaji ni binadamu, atamshangilia anayeonewa. Kwa hiyo kampuni ikatumia uzinduzi wake wote kuwafundisha watu kuwachukia wale wale iliotaka wapendwe. Kufika katikati ya mwaka New Blood ilikuwa imeshafifia.

Na mikanda je? Tarehe 16 Aprili Jeff Jarrett akawa bingwa wa dunia, sawa, mpiga mieleka halali. Siku tisa baadaye ubingwa ukaenda kwa David Arquette. Huyu ni mwigizaji wa sinema! Alikuwa na filamu ya mieleka iliyotoka mwezi huohuo, wakaona njia nzuri ya kuitangaza ni kumvika mkanda aliouvaa Flair. Arquette mwenyewe amesema mara nyingi kwamba hakuona kama ni wazo zuri. Septemba Russo naye, mwandishi wa visa, akajipa ubingwa. Ukihesabu mwaka 2000 mzima, ule mkanda ulibadilisha kiuno au ulitangazwa wazi zaidi ya mara 15. Kitu ambacho kila mtu anakipata hakuna atakayetoa nauli kwenda kukitazama.

Lakini kwangu mimi kosa kubwa kuliko yote lilikuwa lingine. Russo aliamini watazamaji wameshajua mieleka imepangwa, kwa hiyo akaanza kuwaonyesha jikoni. Tarehe 9 Julai 2000 Jarrett alilala chini makusudi, Hogan akamwekea mguu na kuondoka na ushindi. Kisha Russo akatoka na kipaza sauti, akamtukana Hogan na kueleza siasa za nyuma ya pazia. Hogan, aliyefariki Julai 2025, hakurudi tena WCW na alifungua kesi. Agosti Goldberg aliondoka katikati ya pambano, na watangazaji wakaanza kujadili kwamba eti amekataa kufuata yaliyoandikwa. Sasa kama huyu amekataa yaliyoandikwa, mapambano mengine yote ya usiku ule tuyaiteje?

Wenzangu wa ziwani mtanielewa haraka hapa. Chukua mganda. Jamaa wamejipanga mstari, wamevaa kaptula nyeupe, ngoma inapigwa, vibuyu vinalia, hatua ni za gwaride kabisa. Kila mtu uwanjani anajua hawa si askari, ni wavuvi na walima mihogo wa pale pale kijijini. Umewahi kumsikia mtu akisimama kupiga kelele, "Jamani hawa si wanajeshi!"? Hakuna. Watu wanajua, na kwa sababu wanajua wanatazama nani ananyoosha mguu vizuri, kundi la kijiji gani limejipanga na nani amevuruga mstari. Sasa fikiria mkuu wa ngoma mwenyewe asimamishe mchezo na kutangaza, "Ndugu watazamaji, hii kaptula nimeazima na hatua tumekariri jana." Atakuwa amewaambia nini ambacho hawakukijua? Hakuna, ila atakuwa amewaonyesha kwamba yeye mwenyewe hakiheshimu anachokifanya. Na mtu akishaona hivyo, anajifunga kanga yake au anachukua baiskeli yake na kwenda nyumbani.

WCW ilipoteza takriban dola milioni 60 mwaka ule. Januari 2001 kampuni ya Fusient, Bischoff akiwemo, ikatangaza itainunua. Machi bosi mpya wa televisheni za Turner, Jamie Kellner, akafuta vipindi vyote vya mieleka. Bila vipindi hakuna cha kununua, Fusient wakajitoa, na McMahon akaja kuokota jina na baadhi ya mikataba kwa dola milioni chache tu. Nitro ya mwisho ilikuwa tarehe 26 Machi 2001, Sting na Flair wakapambana pambano la mwisho. Wapo wanaosema muuaji ni Kellner. Sawa, yeye ndiye aliyezima mashine. Ila jiulizeni, kipindi ambacho miaka mitatu nyuma kilikuwa kinaongoza, kilifikaje mahali ambapo mtu mmoja ofisini anakifuta na hatikisiki?

Sasa tuje nyumbani, maana ndiko nilikokuwa naelekea.

Ugonjwa wa "tunaanza sifuri" uko kwetu pia. Kwenye mpira tumezoea: mwaka 2024 Ihefu ya Mbarali ikawa Singida Black Stars, na Singida Fountain Gate ikabaki Fountain Gate. Shabiki wa Mbarali aliyelala na jezi yake aliamka hana timu. Afadhali Majimaji ya Songea. Ilishuka daraja mwaka 2018, inauma, lakini bado ni Majimaji, na ikipanda tena kuna mzee atakayejua ashangilie nini.

Kwenye kahawa jambo ni zito zaidi. Miaka ya tisini, miaka ileile soko lilipofunguliwa kwa wanunuzi binafsi, chama kikuu cha ushirika cha Mbinga, MBICU, kilianguka. Vikaja vyama vingine na majina mengine, na tangu 2018 serikali ikarudisha kahawa ipitie AMCOS. Mimi siupingi ushirika, nautaka. Lakini kaa na wazee wa Kimatengo wanaolima ngolo zao mlimani, uwaambie kuhusu uzinduzi wa chama kipya. Hawataki kujua nembo ina rangi gani. Watakuuliza vitu viwili: mizani ni ya nani, na malipo ya pili yanakuja lini. Kwao jina jipya juu ya deni la zamani ni mtu yule yule amebadilisha shati.

Na sisi wasomi je? Umoja wetu wa wanafunzi tuliotoka Mbinga na Nyasa umelala, tusidanganyane. Daftari la michango halionekani, waliochanga wamenuna. Na dawa inayopendekezwa sasa ni ipi? Jina jipya, katiba mpya, fulana mpya, uchaguzi mpya, "ya zamani tuyasahau." Jamani, hiyo ni Nitro ya tarehe 10 Aprili! Kuna watu walichanga kutoka kwenye bumu lao wakila mlo mmoja kwa siku. Ukiwaambia mchango wao umefutwa kwa sababu tunaanza upya, umetangaza mkanda uko wazi. Na mwakani, dada wa mwaka wa kwanza akishuka kwenye basi usiku, hajui hosteli iko wapi, begi moja mkononi, atapigia simu fulana?

Ninachopendekeza ni cha kuchosha, hakina mbwembwe. Daftari litafutwe mpaka lipatikane, na lisipopatikana tuwaulize waliochanga mmoja mmoja tuliandike upya. Kila mwenye haki yake atajwe mbele ya wote. Wazee wa mwaka wa tatu wasifanywe maadui ili vijana wapande, wapewe kazi ya kukabidhi. Jina libaki lile lile, lenye aibu yake, mpaka tulisafishe. Fulana zitakuja zenyewe.

Maana WCW haikukosa hela, wapiga mieleka wala jina. Hata usiku ule mbaya wa Julai, baada ya vituko vyote, Booker T alimpiga Jarrett kihalali na kuwa bingwa wa dunia. Kijana aliyepanda ngazi moja moja kwa miaka, watu wakamshangilia kwa moyo wote. Dawa walikuwa nayo ndani ya nyumba siku zote. Ila jamaa walikuwa bize na uzinduzi.

Nawasilisha. Mwenye hilo daftari, hata kama limechanika, alilete. Hatutauliza lilikuwa wapi.