Gego Lililokwama

Juzi mama mmoja alinijia na kijana wake wa miaka 14, shavu limevimba. Chini kushoto, gego la pili lilikuwa limekwisha kuota zamani. Kulia, ufizi mtupu. Jirani alikuwa amemshauri ampeleke kwa mtu mwenye kisu akapasue. Nilimsihi asithubutu. Kesho yake wakaenda Tarime kwa mganga wa meno.

Basi, yafaa tufahamu jambo lenyewe. Gego la kwanza la ukubwani huota mtoto afikapo kama miaka 6, nyuma ya meno yote ya utoto. Kwa kuwa halichukui nafasi ya jino lililong'oka, wazazi wengi hulidhani ni la utoto, wakaliacha lioze. La pili hutokea karibu na miaka 12. La mwisho, baada ya 17. Pengine gego hukwama njiani: taya ni finyu, au limelala likagonga jino lililo mbele yake. La mwisho ndilo hukwama mara nyingi; la kwanza na la pili, ni nadra.

Waganga wanaonyoosha meno huona visa hivi zaidi kwa watoto wanaowatibu. Usiogope hesabu yao. Ukisimama mlangoni pa bwana mifugo ukahesabu ng'ombe wanaochechemea, utadhani ng'ombe wote wa Serengeti ni vilema. Kumbe wazima wamebaki malishoni.

Lakini usidharau pia. Gego lililokwama huweza kuozesha jino la jirani, au kuleta usaha. Likigunduliwa mapema, mganga huweza kulifungulia njia, au kulivuta likae mahali pake. Likichelewa, mara nyingi hapana budi kung'oa.

Kwa hiyo, baba na mama, fanyeni hivi. Mtoto aanzapo shule, mfungueni kinywa mchana penye mwanga, mhesabu. Afikapo miaka 12, na tena 13, hesabuni. Upande mmoja ukitoa gego, na wa pili ukakaa miezi 6 bila kitu, msingoje maumivu. Mpelekeni hospitali ya wilaya; shida ikiwazidi, kuna Bugando, Mwanza. Picha ya eksirei huonyesha kilichofichwa na ufizi.

Sisi watu wa Mara twajua umri wa ng'ombe kwa kumtazama meno. Haifai mtoto wetu akose jicho hilo.